Bei ya fundi, viraka na nguo za bei chee: tuzungumze watu wa Unguja na Pemba

Pindo la Mji (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Mimi nashona nyumbani, Magomeni, hapa Unguja. Nguo mpya nashona, lakini kinachonipa riziki zaidi ni marekebisho: kubadilisha zipu, kukunja pindo, kubana, kuachia, kutia viraka. Kazi hiyo inakufanya uzijue nguo za watu kwa ndani, upande ambao mwenyewe hautazami. Na yale ninayoyaona humo ndani yamenipa msimamo ambao leo nauweka hapa tuujadili kwa adabu.

Msimamo wenyewe ni huu. Mtu akisema anaumia kwa ajili ya wanawake wanaonyonywa kwenye viwanda vya nguo huko Asia, aanzie kwa fundi wa mtaani kwake. Ampe muda wa kutosha, amlipe bila kumzungusha, na nguo ikitatuka aipeleke ikashonwe badala ya kuigeuza dekio. Haki ya mshonaji ni moja, awe Dhaka kule Bangladesh au awe Mwanakwerekwe hapa kwetu.

Nianze na nguo. Ukipata gauni lililoshonwa na fundi wa zamani, ligeuze ndani nje. Kwenye mshono wa ubavuni utakuta kitambaa cha ziada upana wa vidole viwili, na pindo la chini limekunjwa likashiba. Fundi alijua mtoto atarefuka na mama atanenepa, akaacha pa kuachia. Mshono unafumuliwa kwa wembe, unasogezwa, unapigwa pasi, nguo inaendelea kuvaliwa. Sasa geuza blauzi ya bei chee ya leo. Kitambaa kimekatwa palepale ukingoni, kilichoishikilia ni nyuzi za ovaloki tu (mashine ya kuzungushia uzi ukingoni), hakikufika hata nusu kidole. Mishono ni mirefu, kwa sababu mashine ikipiga mirefu inakwenda haraka. Ikifumuka kwapani nyuzi zinaanza kuchomoka moja moja, na mimi sina pa kushika sindano.

Hilo limekusudiwa. Kiwanda kinachokata mashati laki moja, kikipunguza nusu kidole kwenye kila mshono kinaokoa majora kwa majora. Na dada anayeshona kule hashoni shati zima. Anashona mkono tu, au kola tu, kutwa nzima, na kuna idadi anayotakiwa kuifikisha kila saa. Mtu wa namna hiyo utamlaumu vipi kwa mshono mbovu? Yeye mwenyewe anabanwa kama ule mshono ulivyobanwa.

Tunasoma kwenye lebo kwamba nguo imetoka Bangladesh na tunapita. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza liliporomoka likiwa na watu kazini. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Washonaji wa ghorofa za juu wakaamriwa kurudi kazini kesho yake. Walikufa watu 1,134, wengi wao wanawake vijana, na zaidi ya 2,000 walijeruhiwa. Walikuwa wakishona nguo za kampuni za Ulaya na Marekani. Nguo za aina hiyo, zikishavaliwa kidogo huko, ndizo zinazofungwa marobota na kuja kuning'inizwa sokoni Darajani, hapa mjini.

Na asije mtu akasema haya ni mambo ya watu wa mbali. Kisiwa hiki kina historia yake. Baada ya Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha hapa shehena za kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Wazee wetu wakakiita merikani. Kilikwenda bara na misafara kama fedha, zikarudi pembe na sandarusi. Pamba ya kitambaa kile ilichumwa na watumwa kwenye majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa viwandani kaskazini, na baadaye wakavalishwa watumwa wa mashamba ya mikarafuu hapa. Kitambaa kimoja kiliwapitia watumwa wa pande mbili za bahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoikata biashara ile, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika nafasi. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria hapa mwaka 1897. Bibi zetu waliotoka humo walivua merikani na kaniki wakajifunga kanga za rangi, na aliyelelewa na wanawake wa visiwa hivi anajua kanga ile ilibeba heshima gani.

Kanga pia ilitufundisha kutumia kitu mpaka mwisho. Doti unainunua haijakatwa. Unakata katikati, fundi anapiga pindo. Kwanza ni ya kutokea. Ikipauka inakuwa ya ndani. Ikishalainika inakuwa mbeleko na ya kumfunikia mtoto. Ikichoka kabisa inachanwa vitambaa vya jikoni. Hii inawezekana kwa sababu ni pamba. Kanga za poliesta zinazouzwa siku hizi hazinywi jasho, hazilainiki, na hata kufutia maji sakafuni hazifai.

Sasa nije kwetu wenyewe, na hapa nitasema wazi.

Sikukuu. Kitambaa kinaletwa kumi la mwisho la Ramadhani, na mwenyewe anataka kuvaa asubuhi ya Idi. Fundi anakaa kwenye cherehani baada ya tarawehe mpaka wakati wa daku. Mguu umevimba kwa kukanyaga, macho yanamtoka machozi kwa taa ndogo. Usiku wa kuamkia Sikukuu mteja anafika: "Fundi nipe nguo, nusu nitakuletea tukishamaliza Sikukuu." Nani atazuia nguo ya mtoto usiku ule? Anaitoa. Nusu ile inafuatiliwa mpaka Mfunguo Tatu. Sisi ni Waislamu, tumefundishwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Haki hii hakuna kampuni ya Ulaya inayotuzuia kuitoa.

Halafu sare za harusi. Kila harusi ina kitambaa chake, kila shughuli ina rangi yake, na mwanamke mwenye jamaa wengi anaweza kushona sare kwa mwaka kuliko nguo zote anazozihitaji. Inavaliwa usiku mmoja. Kitambaa chenyewe ni poliesta yenye vimeto ambayo hata mtoto hawezi kulala nayo. Nina mama mmoja mteja wangu, kabati lake limejaa sare mpaka mlango haufungi, na siku ya kawaida anavaa dira mbili anazozipokeza. Sisemi sare zife, zina raha yake na umoja wake. Nasema wenye harusi wanaweza kuchagua kitambaa ambacho kesho kitavalika, na wanaweza kuwaambia watu, "Njooni na kisutu mlichonacho."

La mwisho, bei. Naambiwa: "Elfu tatu ya zipu? Kwa elfu tatu napata gauni zima Darajani." Kweli unapata. Lakini gauni lile lina bei hiyo kwa sababu mwenyewe wa kwanza kalitoa bure, na aliyelishona alilipwa kidogo tangu mwanzo. Zipu yangu ni saa nzima: kufumua bila kutoboa kitambaa, kupiga bandi (mishono mirefu ya kushikizia tu), kushona, kurudisha bitana, kupiga pasi. Bei ya kitu ambacho watu hawakulipwa sawasawa haiwezi kuwa kipimo cha kazi yangu.

Nataka niwasikie mafundi, wauza mitumba, watu wa Pemba, na hata wanaoona nimekosea. Mwenye ujuzi wa kuokoa nguo autoe hapa hapa.

Robota la Darajani

Wa alaykum salaam dada Pindo. Umesema kweli nyingi, ila kwenye mitumba naomba nikae upande wangu.

Robota tunalinunua limefungwa. Limebanwa kwa mashine, limekazwa mikanda, ukishalipa ndipo unalikata. Ukikuta mazuri juu na takataka chini, hasara ni yako. Tungekuwa tunatupa kila kilichochanika tungefilisika, kwa hiyo nyuma ya meza yangu kuna kijana na cherehani yake. Anabadilisha zipu, anatia vifungo, suruali ndefu anazikata, jinzi iliyochanika goti anaigeuza kaptura. Namlipa kwa kipande, jioni, mkononi. Mitumba imewalisha mafundi wengi wa marekebisho.

Na hili la viwanda vyetu kufa kwa ajili ya mitumba, watu walielewe vizuri. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe kidogo kidogo, viwanda vya nyumbani vipate nafasi. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, tukatishiwa kutolewa kwenye AGOA, ule mpango wa kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha ule. Mambo hayo yanaamuliwa mbali sana na meza yangu.

Pindo la Mji

Kaka Robota, simlaumu muuzaji. Ulivyosema unamlipa kijana jioni mkononi, hicho ndicho nilichokianzishia uzi. Mungu akuzidishie.

Ila nikuulize jambo. Yale ya chini ya robota, yasiyofaa hata kushonwa, yanakwenda wapi?

Robota la Darajani

Ya pamba yanachukuliwa na wenye gereji, wanafutia mafuta. Yaliyobaki yanakwenda na gari la taka, mwisho wake jaa la Kibele. Na nisikufiche, miaka ya nyuma robota lilikuwa na pamba nzito nyingi. Siku hizi nusu yake ni vitu vyepesi vya poliesta ambavyo hata mwenye gereji havitaki, maana havinyonyi mafuta.

Pindo la Mji

Hapo ndipo penye shida. Poliesta ni plastiki, inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Haiozi kama kanga ya pamba. Hata ukiifua tu inatoa vijinyuzi vidogo ambavyo jicho halivioni, vinatoka na maji ya kufulia, na sisi maji yetu mengi mwisho wake ni baharini, kwenye samaki tunaokula. Wenye nchi zao wanapunguza kabati, na sisi kisiwa kidogo tunabaki na jaa. Kwa hiyo kila blauzi ninayoiongezea mwaka mmoja naiona ina maana.

Fundi wa Chake

Nawasalimu kutoka Chake Chake. Dada Pindo, umeyasema yaliyo moyoni mwa mafundi wengi. Mimi nitachangia kazi, maana maneno umeyamaliza.

Kabla hujatia kiraka, kijue kitambaa. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye mshono wa ndani, ziwashe kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu (usikishike kikiwa na moto, kinaganda kwenye ngozi). Ukiona jivu na kidonge pamoja, ni mchanganyiko. Hii ni muhimu kwa sababu ya pasi na kwa sababu ya kiraka chenyewe. Pamba mpya ambayo haijafuliwa, ukiishona juu ya nguo kuukuu, siku ya kufua inasinyaa na kuvuta sehemu zilizochoka pembeni yake, tundu linazidi lilivyokuwa. Kiraka kifuliwe kwanza, kikauke, kipigwe pasi.

Kisikatwe kwa kipimo cha tundu. Shika nguo uitazame kwenye mwanga, utaona kitambaa kimekuwa chepesi mpaka wapi, na kiraka kivuke hapo kifike penye kitambaa kizima. Pembe zake zizungushwe, pembe za mraba ndizo zinazoanza kufumuka. Nyuzi za kiraka zilale upande mmoja na nyuzi za nguo. Kiwekwe kwa ndani, kipigwe bandi, ndipo kishonwe.

Uzi. Vijana wanapenda uzi mgumu ati ndio imara. Kwenye kitambaa laini uzi mgumu ni kisu. Siku nguo ikivutika, bora ukatike uzi, maana uzi unashonwa tena. Ukizidi nguvu ya kitambaa, kinachochanika ni kitambaa.

Shati lililosuguka kola shingoni halihitaji kiraka. Fumua kola pale ilipoungana na shati, igeuze, upande wa chini uje juu, ishone kwenye mstari wake uleule. Ukiwa na mkono mtulivu hakuna atakayejua. Wazee wa skuli walikuwa wakivaa mashati namna hiyo na wakaheshimika.

Kwapa linalochanika kila mara, usishone palepale tena na tena. Nguo imebana, inaomba nafasi. Tia kikwapa: kipande cha pembe nne, kama almasi, kikae chini ya mkono. Kanzu za zamani zilikuwa nacho, ndiyo maana mtu alikuwa akiinua mkono apendavyo.

Huku kwetu msimu wa karafuu ukifika naletewa nguo za wachumaji, zimechanika begani, gotini na kwapani, na wanawake wanaookota mpeta, karafuu zilizoanguka chini, wanaleta za kwao. Nguo hizo hazitakiwi zipendeze, zinatakiwa zishike, mtu yuko juu ya mkarafuu. Kiraka cha goti nakitia mishono miwili sambamba, na sichukui bei ya zipu ya mjini. Wakilipwa karafuu zao, wanakuja kunilipa.

Aliyefagia Vipande

Naomba na mimi niseme, na sitaji mtu.

Nilijifunza ushoni kwa fundi mmoja hapa mjini. Nilikuwa natia vifungo, nakunja mapindo, napiga pasi, nafagia. Baada ya muda nikawa nashona sketi nzima na mteja anaipokea, fundi analipwa, mimi napewa nauli. Sikukuu ikija tunakesha wote. Ukiuliza unaambiwa unajifunza, shukuru. Nilipoondoka sikuwa hata na mkasi. Dada Pindo unasema mteja amlipe fundi, na ni kweli. Lakini ndani ya baraza ile ya fundi kuna watoto wa watu pia.

Pindo la Mji

Mdogo wangu, pole sana, na ahsante kwa kulisema. Hili lazima liwemo kwenye uzi, tena mbele.

Mimi naliona hivi. Anayejifunza kushika wembe wa kufumulia bado anagharimu muda wa fundi, hapo nauli na chakula ni sawa. Lakini kazi yake ikishauzwa kwa mteja, alipwe kwa kipande, hata kama ni pindo tu. Fundi hawezi kulia kwamba wateja wanamla, na yeye anamla aliye chini yake kwa njia ileile. Kiwanda cha Savar nacho kilikuwa na msimamizi ambaye bila shaka alikuwa na mkubwa wake anayembana. Kila mmoja akipitisha ubanaji kwa wa chini yake, anayebaki chini kabisa ni msichana wa miaka kumi na nane.

Mafundi mnaosoma hapa, andikeni kwenye daftari nani kashona nini. Inatosha kuanzia.

Niko Maskati

Salaam kutoka Maskati. Uzi mzuri, ila nina wasiwasi. Tukisema tusinunue nguo za Bangladesh, wale dada watakula nini? Nimeishi karibu na watu wa kule, nyumba nzima inategemea mshahara wa binti mmoja wa kiwandani. Kususa kwetu kutawaumiza wao kwanza.

Pindo la Mji

Kaka, nakubaliana na wewe, na sikuitisha kususa. Kilichosaidia baada ya Rana Plaza hakikuwa kususa. Mwaka huohuo wa 2013 kampuni nyingi zilitia saini mkataba na vyama vya wafanyakazi, mkataba unaoshurutisha kisheria, viwanda vikakaguliwa nguzo, nyaya za umeme na milango ya kutokea moto, ripoti zikatangazwa hadharani. Wafanyakazi wenyewe ndio waliopigania. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa taka (fedha ya Bangladesh) 3,000 kwa mwezi, kikapanda 5,300 mwishoni mwa 2013, kikafika 8,000 mwaka 2018. Mwaka 2023 wakaingia barabarani wakidai 23,000. Walipewa 12,500, na kuna waliouawa kwenye maandamano yale.

Kwa hiyo wanajua wanachokitaka: mshahara na jengo salama. Sisi tunaweza kuacha kuishangilia bei ya chini kana kwamba ni neema, na tunaweza kuheshimu kilichokwisha kushonwa. Shati ambalo binti yule alilishona kwa saa za usiku, likivaliwa mara tatu likatupwa Kibele, kazi yake imedharauliwa mara ya pili.

Niko Maskati

Nimekuelewa. Kuna na ile iliyopokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Leo mwanamume wa kwetu kifungo kikikatika anasubiri mkewe au anatupa shati. Wavulana nao wafundishwe sindano.

Bi Kofia

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, nami namwambia aandike.

Mimi nashona kofia za mkono, za viua, tangu nikiwa msichana. Kofia ina kipande cha juu na cha pembeni. Unachora, unatoboa, kila kijitundu unakizungushia uzi kwa mkono mpaka kinasimama. Vijitundu ni vingi hata sivihesabu. Kofia nzuri inakula miezi, maana unashona baina ya kupika na kulea. Anakuja mchukuzi anainunua kwangu, akifika mjini anaiuza kwa bei ambayo mimi sijapata kuishika mkononi. Na siku hizi zipo za mashine zinazotoka China, kwa mbali zinafanana, zinauzwa kwa fedha ndogo, halafu mtu anakuja kuniambia, "Bi mkubwa, punguza."

Ninalotaka ni dogo. Anayenunua kofia ya mkono amuulize muuzaji: nani kaishona, yuko wapi, umempa ngapi. Akijibabaisha, ujue. Njooni wenyewe majumbani, tupo, Unguja tupo na Pemba tupo.

Na kofia ikichafuka msiitupe wala msiitie kwenye mashine ya kufulia. Iloweke, ifue kwa mkono, itie wanga kidogo, ivishe kwenye faroma ikauke na umbo lake. Kiua kikikatika uzi, mletee aliyeishona. Mimi za kwangu nazijua kwa mkono wangu, na kurekebisha kofia yangu mwenyewe sichukui kitu.

Pindo la Mji

Shikamoo bi mkubwa. Maneno yako yameniingia. Nikipata mteja wa kofia nitamleta mpaka mlangoni kwako, bila mchukuzi. Mjukuu anitumie ujumbe wa faragha anielekeze nyumba.

Robota la Darajani

Shikamoo bi. Mimi nina meza mahali watu wanapita. Ukiwa radhi niweke kofia zako mbili tatu, bei upange wewe, mimi uniachie ya kukaa mezani tu, na tuiandike. Kama hutaki si lazima.

Bi Kofia

Marahaba wanangu. Tutazungumza.

Ukhti wa Wete

Samahani kurudisha nyuma. Fundi wa Chake au dada Pindo, nina baibui, kitambaa bado kizima kabisa, lakini upindo wa chini wote umelika kwa kuburura njiani, umekuwa kama manyoya. Nikikunja tena linakuwa fupi na siwezi kutoka nalo. Nimeambiwa ninunue jipya tu. Yupo wa kuniokoa?

Fundi wa Chake

Dada, usinunue. Kata sehemu iliyolika sawasawa mpaka ufike penye kitambaa kizima. Tafuta kitambaa cheusi cha uzito uleule, kata ukanda upana wa vidole vinne, uunge kwa chini, mshono uelekee ndani, halafu ukunje pindo kwenye ule ukanda. Urefu unarudi kama ulivyokuwa. Ukitaka kiungo kisionekane, weka tepe ya darizi au hata mkunjo mdogo juu ya mshono, watu watadhani ni mtindo. Kwa kuwa ni poliesta, pasi iwe ya moto mdogo na uweke kitambaa juu yake, la sivyo litang'aa.

Pindo la Mji

Na kwa ndani ya pindo jipya, pale nyuma kisiginoni, tia utepe imara wa kukinga. Hapo ndipo panaposuguka kwanza. Baadaye unabadilisha utepe tu, baibui huligusi.

Na jamani, kabla sijasahau: kwa wa hapa Magomeni na Jang'ombe, nguo za Sikukuu napokea Shaabani yote, na Ramadhani mwisho siku kumi za mwanzo. Malipo nusu ukileta, nusu ukichukua. Mafundi wengine mkitangaza vivyo hivyo, itakuwa rahisi kwetu sote.

Fundi wa Chake

Chake ni hivyo hivyo. Naandika ubaoni kesho.

Ukhti wa Wete

Ahsanteni sana. Nina baibui la marehemu mama limechanika mgongoni, chini ni zima kabisa. Ukanda nitakata humo.